Nani Atauondoa Mwiba Njiani?

 

Leo twapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukitumia, lakini hakuna mmoja wetu akiitaye chake. Kitu hicho ni njia ya miguu. Hatusemi habari za barabara ya lami, ambayo serikali huijenga na kuifungua kwa sherehe. Twasema ile njia nyembamba iendayo kisimani, shuleni, zahanatini, kanisani na malishoni. Nani huitunza? Mvua ikiibomoa, nani huitengeneza? Tawi la miiba likianguka katikati yake, nani huliondoa? Mara nyingi sisi hulizunguka tu. Wa kwanza hulizunguka, wa pili hufuata nyayo za wa kwanza, na baada ya mwezi mmoja njia imepinda na tawi lingali pale pale.

Twendeni kwa mawazo hadi Nariokotome, kaskazini mwa Lodwar, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Hapo pana laga, yaani mto wa mchanga, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji juu yake. Mahali hapo pamejulikana duniani kote kwa sababu ya mtoto mmoja. Mwezi wa Agosti mwaka 1984, Bwana Kamoya Kimeu, Mkenya aliyesifika kwa ukali wa jicho lake, alikuwa akitembea penye mawe karibu na laga hiyo, akaona kipande kidogo cha mfupa wa kichwa, rangi yake karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Yeye na wenzake, pamoja na Richard Leakey na Alan Walker, wakachimba kwa misimu kadhaa, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana mmoja wa kiume. Wataalamu wasema aliishi yapata miaka 1,500,000 iliyopita, na kwamba alikufa angali mtoto, huenda wa miaka 8 au 9, ingawa kimo chake kilikwisha kufika karibu sentimita 160. Miguu yake ilikuwa mirefu, miguu ya kwenda mbali katika nchi ya jua. Ng'ambo ya ziwa, huko Ileret, zimeonekana nyayo za kale za wakati ule ule, zilizokanyagwa topeni, tope likakauka na kugeuka kuwa mwamba.

Basi tangu zamani sana watu wamepita katika nchi hiyo kwa miguu. Na miguu ikipita mara nyingi mahali pamoja, njia hutokea yenyewe, bila mtu kukusudia. Lakini kuitunza njia ni jambo jingine. Njia haijapata kujitunza yenyewe hata siku moja. Lazima mtu akusudie, ashike sururu na panga, atoke nyumbani kwake, akafanye kazi mahali pasipo pake, kwa ajili ya watu ambao pengine hatawaona kamwe.

Tufikiri kidogo ni nani hao wapitao. Yuko mama mwenye mtungi wa maji kichwani na mtoto mgongoni. Yuko mwanafunzi aliyevaa akala, au asiyevaa kitu. Yuko mchungaji wa mbuzi. Yuko mgeni mwenye mkoba mgongoni, aliyetoka mbali ili akaone mahali ilipopatikana mifupa ya kijana yule. Yuko mgonjwa abebwaye na jamaa zake usiku, labda mama mwenye uchungu wa kuzaa, labda mtu aliyeumwa na nyoka. Kwa mgeni, njia iliyofungwa ni usumbufu tu. Kwa huyo aliyeumwa na nyoka, kuzunguka kwa nusu saa kwaweza kuwa tofauti ya uzima na mauti. Njia ni moja, nayo haimwulizi mtu kabila lake wala dini yake.

Sasa, ni nini kinachoiharibu njia katika nchi kavu kama ile? Mtu wa mbali aweza kudhani kwamba mahali pasipo mvua njia hudumu milele. Sivyo. Adui wa kwanza wa njia ni maji. Mvua ya Turkana ni ya nadra, lakini ikija huja kwa nguvu. Kwa kuwa njia iliyokanyagwa sana huwa imeshuka chini kuliko ardhi ya kando, maji huona hapo ndipo mahali pa kupita. Mara njia imekuwa mfereji, mchanga umekwenda zake, mawe yamebaki wazi, na ukingo wa laga umemomonyoka. Tumeona jinsi ukame ulivyoikaza nchi ile tangu mwisho wa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ikipita bila mvua ya kutosha. Kisha mwishoni mwa 2023 mafuriko yakazikumba sehemu nyingi za kaskazini mwa Kenya. Nchi ile ile iliyolia kwa kukosa maji ikabomolewa na maji.

Watu wanaoijua kazi hii husema dawa yake si ngumu. Mahali pa mteremko, weka safu ya mawe mshazari katika njia, ili maji yatolewe kando kidogo kidogo kabla hayajapata nguvu. Usiipeleke njia moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Ipitishe kwa ubavu wa kilima. Pale njia inapopotea katika mawe, panga mawe machache juu ya mengine ili mpitaji aone alama. Kazi hizi hazitaki mtambo. Zataka mikono, na zataka kurudiwa. Mawe uliyoyapanga mwaka huu, mafuriko ya mwaka ujao yatayasukuma, nawe itakupasa kuyapanga tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Adui wa pili ni ule mti ambao Wakenya wengi huuita mathenge, na Waturkana huuita etirae. Mti huu si wa kwetu. Ulitoka Amerika, ukapandwa katika nchi kavu za Kenya miaka ya 1970 na 1980, kwa nia njema kabisa: kuzuia upepo na mchanga, kutoa kivuli na kuni. Lakini haukutunzwa wala kupunguzwa, nao ukaenea wenyewe. Umejaza kingo za mito, umefunga mapito, na miiba yake hupenya hata akala na kuacha jeraha lenye kuvimba. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa mmea mharibifu. Tena, ndugu wapendwa, sikilizeni jambo hili. Maganda yake ni matamu kwa mbuzi. Mbuzi huyala, mbegu hupita tumboni bila kufa, nazo huanguka pamoja na samadi njiani, zikaota hapo hapo. Mifugo yetu wenyewe, ikipita katika njia yetu, ndiyo ipandayo mwiba utakaotufungia njia. Na anayeukata mti huo juu juu kwa panga hufanya kazi ya siku chache tu, kwa maana kisiki huchipuka tena na matawi mengi kuliko kwanza. Sharti achimbe na kuukata chini ya udongo, kisha ayaokote matawi yote yenye miiba, asiyaache njiani kuwachoma wengine.

Hatuna haja ya kueleza mfano huu sana. Kila mmoja ajitazame. Ni mara ngapi tumekata maovu juu juu, tukakiacha kisiki?

Lakini leo hatutaki kukimbilia mambo ya rohoni upesi hata tuiache njia yenyewe ikiwa imefungwa. Kwa sababu liko swali gumu ambalo msikilizaji mmoja, pengine yuko Lodwar au Kakuma, tayari analiuliza moyoni. Asema, "Mchungaji, waniambia nikafanye kazi bure. Watoto wangu hawajala tangu jana. Nani atanipa posho?"

Swali hili ni la haki, nalo lina historia. Wakati wa ukoloni watu walitolewa kwa lazima kwenda kutengeneza barabara, nyapara akiwasimamia. Wazee hawakusahau. Kisha, baada ya njaa kali ya mwanzo wa miaka ya 1980, ukaja Turkana mpango wa chakula kwa kazi. Watu walichimba, walipanda miti, walijenga matuta ya kuzuia maji, walitengeneza barabara, nao wakapewa mahindi. Chakula hicho kiliokoa maisha ya watu wengi, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini posho ilipokoma, kazi nyingi zilikoma pia, na matuta mengi yakabomoka yasipate wa kuyatengeneza. Watu walikuwa wamezoea kwamba kazi ya wote ni kazi ya shirika, na ya kwangu ni ile niliyolipwa.

Basi tumjibuje ndugu huyu mwenye njaa? Kwanza, tusimhubirie habari za kujitolea kana kwamba hazijui. Nendeni mkatazame katika laga wakati wa kiangazi. Akina mama huchimba visima katika mchanga kwa mikono yao. Ukame ukizidi, kisima huzidi kwenda chini, hata ikawabidi wasimame mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana maji kutoka chini hadi juu. Mchanga hubomoka, nao huchimba tena. Mafuriko yakija hukifukia chote, na maji yakiisha huanza upya. Hakuna awalipaye. Tunapomsoma Isaka katika kitabu cha Mwanzo, jinsi alivyovichimbua tena visima vya baba yake vilivyofukiwa, akina mama hao wanaifahamu habari hiyo vizuri kuliko sisi tuliosoma katika vyuo.

Pili, aanze mwenye kitu. Sisi tupokeao mshahara mwisho wa mwezi, wachungaji, walimu, makarani, wauguzi, na ninyi wenye maduka, tukiwaita wenye njaa waje kazini, nasi tumesimama kivulini na daftari la majina, hatuwaiti kujitolea. Twawarudisha kwa nyapara. Lakini mwalimu akionekana Jumamosi asubuhi ameinama na sururu, naye muuza duka akileta sufuria ya uji kwa wote waliokuja, hapo hapana mfadhili na mfadhiliwa. Hapo pana majirani. Uji huo si mshahara, ni chakula cha watu wanaofanya kazi pamoja.

Katika kitabu cha Nehemia, mlango wa tatu, tunasoma orodha ndefu ya majina, ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma. Ni orodha ya watu walioujenga tena ukuta wa Yerusalemu. Huyu alitengeneza kipande hiki, na baada yake fulani akatengeneza kipande kile. Wengi wao kila mtu mbele ya nyumba yake mwenyewe. Walikuwamo makuhani, mafundi wa dhahabu, wafanya biashara, na mtu mmoja pamoja na binti zake. Nao wakubwa wa Tekoa wameandikwa pia, kwa aibu, kwamba hawakukubali kuitia shingo yao katika kazi. Watu wa kawaida wa Tekoa walitengeneza kipande chao, na baadaye wakachukua kipande cha pili.

Hekima ya mlango huo ni kwamba kazi kubwa iligawanywa katika vipande. Na hekima hiyo inafanya kazi hata leo. Huko Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail, ipitayo katika milima kutoka Georgia hadi Maine, urefu wake yapata kilomita 3,500. Wazo lake lilitolewa mwaka 1921, na njia ikakamilika mwaka 1937. Hadi leo sehemu kubwa ya utunzaji wake hufanywa na watu wa kujitolea, wa vyama vipatavyo 30, na kila chama kimepewa kipande chake. Hakuna mtu aliyepewa kilomita 3,500. Mmoja hukata miti iliyoanguka, mwingine hupanga mawe ya kutoa maji, mwingine hupaka upya alama, kila mtu katika kipande anachokijua. Na karibu na kwetu, katika milima ya Upare huko Tanzania, watu wamekuwa na desturi ya msaragambo tangu zama za wazee wao: watu huitwa, nao hutoka kwa pamoja kwenda kutengeneza njia na mifereji ya maji. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Sisi wa Kenya nasi tuna neno letu, harambee. Yule aliyelifanya kuwa neno la taifa, Mzee Jomo Kenyatta, alifungwa Lokitaung na kisha akawekwa kizuizini Lodwar, kati ya miaka ya 1953 na 1961, kwa hiyo nchi ya Turkana ilimjua kabla hajawa Rais. Lakini kwa miaka mingi harambee imegeuka kuwa mkutano wa kuchanga fedha, mtu akitoa noti mbele ya watu na jina lake likitangazwa kwa kipaza sauti. Fedha zina kazi yake. Hata hivyo noti haiinui jiwe kutoka njiani. Na aondoaye mwiba mapema asubuhi, kabla watu hawajapita, hatangazwi na kipaza sauti cho chote. Yule aliyeokolewa na mwiba huo hatajua kamwe kwamba aliokolewa. Atapita tu, akiimba.

Tunalo neno moja zaidi katika Maandiko ambalo wengi hawalikumbuki. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa kumi na tisa, Mungu aliwaamuru Waisraeli watenge miji mitatu ya makimbilio, ili mtu aliyeua bila kukusudia apate mahali pa kukimbilia. Lakini hakuishia hapo. Aliwaagiza pia waitengeneze njia ya kufika huko. Mungu alijua kwamba kimbilio lisilo na njia si kimbilio. Na waalimu wa Kiyahudi wa zamani walifundisha kwamba penye njia panda paliwekwa alama iliyoandikwa neno "kimbilio", ili mwenye kukimbia asipotee.

Ndugu zetu wa Kakuma wanalielewa jambo hili. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa waliofika mwanzo walikuwamo maelfu ya vijana na watoto wa Sudan, wengi wao bila wazazi, waliotembea kutoka kwao hadi Ethiopia, na kutoka huko wakatembea tena hadi Kenya. Nchi iliyozikwa kijana wa Nariokotome ndiyo iliyowapokea watoto hao wenye miguu iliyochoka. Leo katika Kakuma na Kalobeyei wanaishi watu zaidi ya 200,000 waliokimbia kwao. Tukiulizwa siku ya mwisho juu ya wageni, hatutaulizwa tu kama tulikuwa na mahali pa kuwapokea. Tutaulizwa pia kama tuliwaachia njia ya kufikia mahali hapo.

Basi tufanye nini? Yatupasa kuanza na kipande kimoja. Kanisa lenu, au shule yenu, au jamaa chache zinazokaa pamoja, chagueni njia moja ambayo watu wote huipita, hasa iendayo majini au zahanatini. Waulizeni wazee kwanza, kwa maana wao wanajua maji hupita wapi. Gawaneni njia hiyo: kutoka mgunga huu hadi mwamba ule ni wa akina fulani. Wekeni siku moja katika mwezi, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, na siku nyingine baada ya kila mafuriko. Mwenye panga aje na panga, mwenye mikono tu aje na mikono tu, avae viatu vizuri. Asiyeweza kuinama awachungie wengine watoto wao. Waalikeni wa kanisa jingine, na wasio na kanisa pia. Msiandike majina ya waliokosa kuja. Na mwezi wa pili watakapokuja watu wachache kuliko wa kwanza, kama ilivyo kawaida, msivunjike moyo. Hapo ndipo kujitolea kunapoanza, kwa kuwa siku ya kwanza watu huja pia kwa kutazama.

Nabii Isaya, katika mlango wa hamsini na nane, anawaeleza watu wa Mungu jinsi saumu ya kweli ilivyo: kumpa mwenye njaa chakula, kumwingiza maskini nyumbani. Na mwisho wake anawaahidi jina jipya. Wataitwa watu wa kuziba mahali palipobomoka na kuzirudisha njia ili watu wapate kukaa. Angalieni, chakula cha mwenye njaa na njia iliyotengenezwa vimewekwa katika mlango mmoja. Tusivitenganishe.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyetembea kwa miguu katika njia za vumbi, ukachoka, ukaketi kisimani, ututazame sisi tunaopita kila siku katika njia zilizotengenezwa na wengine. Uwape chakula leo wote wenye njaa katika nchi ya Turkana. Utupe mikono isiyoona haya kushika sururu. Utufundishe kuuondoa mwiba ambao haukutuchoma sisi. Na mafuriko yatakapoibomoa kazi yetu, utupe moyo wa kuianza tena. Amina.

Mungu awabariki nyote, na awalinde katika njia zenu.